Shahidi na Saa Yake

Msafiri anayeondoka Tunduma saa nne asubuhi, akavuka mpaka kwa miguu na kuingia Nakonde upande wa Zambia, huikuta saa ya huko ikisema saa tatu na dakika chache. Amepewa saa nzima asiyoitolea jasho, na jioni akirejea atairudisha. Wachuuzi na madereva wa malori wamelizoea jambo hilo hata hawalistaajabii tena. Wakiahidiana, huuliza tu ni saa ya wapi. Wala hakuna kati ya saa hizo mbili inayosema uongo. Tanzania imeweka saa zake tatu mbele ya kipimo cha dunia, Zambia imeweka mbili, na maadamu kila upande unajua umbali wake kutoka kwenye kipimo hicho kimoja, hakuna ugomvi.

Lakini chini ya mpaka huo iko ardhi isiyojua mapatano ya watu. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umelala penye Bonde la Ufa, baina ya Ziwa Rukwa na mto uliompa mkoa jina lake, ule unaotiririka kwenda Ziwa Nyasa. Desemba 2009 msururu wa matetemeko uliipiga Karonga, ng'ambo ya mto huo, nchini Malawi. Kubwa lao, la tarehe 19, lilifikia kipimo cha takriban 6, likabomoa nyumba na kuua watu. Wataalamu wakataka kujua: ufa umepasuka wapi hasa?

Swali hilo la mahali hujibiwa kwa saa. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita katika miamba kwa mwendo wa kadiri ya kilomita 6 kwa sekunde, likakifikia kipimatetemeko kimoja mapema na kingine baadaye. Kutokana na hitilafu ya nyakati hizo ndipo chimbuko lake hutafutwa. Basi kifaa ambacho saa yake imekosea sekunde moja tu chaweza kulisogeza tetemeko kutoka kijiji hiki hadi kijiji cha pili. Kimeunakili mtikisiko kwa uaminifu wote, hakikuongeza wala kupunguza, na bado ushahidi wake unapotosha. Hapa ndipo penye swali la maadili, nalo si jepesi: je, asemaye aliyoyaona kwa moyo safi, bila kujua saa yake imekwenda kombo, ni mkweli?

Saa ya ndani ya kifaa huendeshwa na fuwele inayotetema, na fuwele hubadili mwendo kwa joto na baridi. Nyanda za juu za Mbozi hazikosi vyote viwili katika siku moja. Kwa hiyo kifaa hutazama juu, kwenye setilaiti za GPS zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, kila moja ikibeba saa za atomu. Hata hizo si maasumu. Kwa ajili ya kasi yao, na kwa kuwa mvutano wa dunia umepungua huko juu, zingeitangulia saa ya ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Ndiyo maana hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa, na zikisharushwa huangaliwa na kusahihishwa kutoka chini. Mbingu nazo zina mwalimu wao ardhini.

Kubwa kuliko hilo ni namna kifaa kinavyojitambua. Ili kijue mahali kilipo, kwa marefu, mapana na kimo, kingedhaniwa kuhitaji setilaiti tatu. Kinahitaji nne, kwa sababu jambo la nne lisilojulikana ni kosa la saa yake chenyewe. Hakianzi kwa kujidai sahihi. Huliweka kosa lake ndani ya hesabu tangu mwanzo, kikalitafuta sawasawa na kinavyotafuta mahali.

Yuko atakayepinga kwamba chombo hakina sifa wala lawama, kwani hukiri kosa kwa kuwa kimeundwa kukiri. Na apinge, sifa iko kwa binadamu anayekishika. Kati ya mwaka 2013 na 2015 watafiti wa Tanzania, Malawi na Marekani walitega vipimatetemeko kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa na milima ya volkeno ya Rungwe, na vingine wakaviteremsha hadi sakafu ya ziwa. Huko chini sauti ya setilaiti haifiki. Kifaa cha namna hiyo hulinganishwa na setilaiti kabla ya kuzamishwa, kikaishi gizani kwa saa yake mwenyewe, na kikiibuka hulinganishwa tena. Hitilafu inayoonekana husambazwa juu ya siku zote zilizopita.

Hapo pana mtego. Fundi aliyekiopoa kifaa, nguo zimelowa, anaiona saa imekosea, na mkono unamwasha airekebishe papo hapo. Akifanya hivyo kabla ya kuandika imekosea kiasi gani, saa itakuwa sahihi kuanzia dakika ile, na kumbukumbu zote za ziwani zitakuwa zimepotewa na ufunguo wao. Aliyesahihisha ameharibu, na kwa nia njema.

Visiwani mfano wake unajulikana. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896 vitabu vingine huvipa dakika 38, vingine 40, vingine 45. Mizinga ilikuwa ile ile. Kama zilitofautiana saa za walioandika au hukumu zao juu ya mwisho wa vita, leo ni taabu kupambanua. Na wako watu wa kila zama, wakuu kwa wadogo, ambao wakigundua wamepotoka hujinyoosha kimyakimya, wakatembea wima kana kwamba hawakupata kuinama, na waliowafuata katika siku za upotofu wakaachwa bila kujua wapunguze nini katika waliyoambiwa.

Fundi mwema hujizuia. Huiacha saa ikiwa vilevile, imekosea, akaiweka kando ya saa ya setilaiti, akasoma tofauti, akaiandika kwa kalamu na tarehe yake, na pembeni akatia alama kwamba haijulikani kama saa ilipotoka kidogo kidogo au kwa siku moja ya baridi. Kisha ndipo huirekebisha.