Nani Atajua?



Novemba hapa Lipangalala, Ifakara, joto halina huruma. Bustani yetu ni ya samadi, matandazo na maji ya mwarobaini tu. Juzi vidukari wakavamia mchicha. Jirani akaniambia, "Puliza ya dukani usiku, nani atajua?" Bomba nililishika kweli. Nikamkumbuka mama anayenunua kwangu kila asubuhi: "Mwanangu, huu hauna dawa, eti?"

Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Je, nitaitunzaje nyumba huku nikimdanganya ninayekaa naye?

Niling'oa tuta zima. Hasara, ndiyo. Ila nilisali, nikalala.

Wewe je, pale asipokuwepo wa kukuona?