Usafi wa Samaki na Wajibu wa Anayejua

Samaki anaweza kuwa halali kwa sheria ya dini na bado akamdhuru anayemla. Walawi 11 inadai mapezi na magamba, na ngege anavyo vyote viwili. Lakini magamba hayasemi lolote kuhusu maji alimokulia.

Katika nchi ya Wakikuyu swali la usafi wa samaki si la kale sana, kwa kuwa wazee wa zamani hawakula samaki. Trauti waliletwa mwaka 1905 katika mto Gura, milima ya Aberdare, na vidimbwi vya ngege na kambare vikaongezeka kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009.

Uchafu wa samaki ni wa namna mbili. Bakteria kama Salmonela na wale wa kipindupindu hutokana na maji yenye kinyesi, mikono michafu au barafu isiyo safi. Samaki akiiva vizuri hadi ndani, bakteria hao hufa. Kemikali ni jambo jingine. Zebaki haiondolewi na moto, tena huzidi kila samaki mkubwa anapommeza mdogo. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, lakini serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968. Kwa miaka 12 hiyo, jikoni kulikuwa safi na chakula kilikuwa sumu.

Nani basi mwenye dhambi? Hadithi inasimulia kwamba Mtume Muhammad alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamtaka mwuzaji auweke juu watu wauone. Hukumu hiyo inamhusu anayeficha analolijua. Mama anayekaanga samaki Mweiga, katika nchi hiyo ya Wakikuyu, hawezi kuiweka juu sumu asiyoiona. Anayeijua yuko juu ya mteremko: mkulima wa kabichi aliyemaliza kunyunyiza dawa, akasuuza bomba lake mtoni. Povu jeupe linashuka kidogo, linapotea, na maji yanang'aa tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Marko 7 inafundisha kuwa unajisi wa mtu hutoka moyoni mwake, hauingii kwa chakula. Wengine huielewa kama ruhusa ya kutojali kilichomo sahanini. Lakini sumu iliyo ndani ya samaki nayo ilitoka kwa mtu kwanza: kwa uzembe wake, au kwa tamaa yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za wavuvi waliomwaga sumu majini ili wavue upesi. Mlaji wa mbali alilindwa na marufuku hiyo. Mlaji wa nyumbani analindwa na dhamiri ya jirani tu.

Kwa hiyo wajibu unamfuata anayejua, hata kama hatamwona kamwe atakayeumia. Bomba la dawa lisuuzwe shambani, mbali na mto, na choo kichimbwe mbali na kidimbwi. Hiyo nayo ni ibada.