Sifa za Usiku wa Manane

Fungua nami Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wako gerezani Filipi. Wamechapwa bakora hadharani, migongo ina majeraha mabichi, miguu imebanwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu. Hawana kinubi, hawana tari. Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anaongeza jambo dogo ninalolipenda mno: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza.

Zaburi ya 150 inataja baragumu, kinubi, matari na matoazi, kwa hiyo sina ugomvi na vyombo wala vigelegele. Piga makofi, ruka, cheza mbele za Bwana. Ila naumia sana tunapokaa kama watazamaji, tukiiachia kwaya imsifu Mungu kwa niaba yetu.

Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya pambio. Spika zikanyamaza, kinanda kikanyamaza, nasi tukanyamaza. Bibi mmoja wa benchi la nyuma akaendelea peke yake, sauti ikikwaruza, akipiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokakamaa kwa jembe. Mstari wa pili, kanisa zima tukamwitikia.