Ukungu wa Mbizi ni Mali ya Nani?

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walitangaza kifaa kinachotoa umeme katika unyevu wa hewa. Umeme huo bado ni kidogo mno. Ama maji, kijijini Qameyu, Babati, nyavu zilishategwa kunasa ukungu.

Sasa tujiulize, sisi wa Sumbawanga ambao kwa miaka mingi tulitegemea umeme wa Zambia: akija tajiri akatanda nyavu vilima vya Mbizi, ukungu ni wake?

Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inatufundisha kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mafaqihi wakabainisha: aliyeteka maji akayatia chomboni ameyamiliki, anaweza kuyauza, kama mkata kuni. Alichomiliki ni kilichomo chomboni, si wingu. Na hata hicho, kikizidi haja yake, haifai kumnyima mwenye kiu.

Basi auze dumu, asiuze kilima. Halmashauri ikimpa mtu mmoja kilima kizima ili wengine wasitege, imegawa neema isiyoimiliki. Suratul Waaqia (56:68-70) inatuuliza ni nani aliyeyateremsha maji tunayokunywa. Mwenye mashine alijibu swali hilo kabla hajapanga bei.

Wallahu a'lam.