NANI ANAKULA BETRI YAKO USIKU?

Usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho.

Je, umewahi kusukuma gari alfajiri? Mimi nimesukuma sana. Kabla sijaokoka nilikuwa konda wa daladala. Dereva anazungusha ufunguo, stata inalia tk-tk-tk, basi. "Konda, shuka usukume!" Tajiri akanunua betri mpya. Tulifurahi siku mbili tu. Siku ya tatu tunasukuma tena! Tajiri akasema atanifukuza kazi, eti naacha redio usiku. Nikaapa kwamba redio naizima.

Ndipo akaja fundi umeme, mzee mpole. Akasema, "Wanangu, betri haitengenezi umeme, inatunza tu. Msinunue nyingine kabla ya kujibu maswali matatu."

SWALI LA KWANZA: Betri ina kitu? Akapima kwa mita kabla gari halijawashwa. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Yetu ilisoma 11.8, tupu kabisa! Akatazama na vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe au vikilegea, umeme haupiti vizuri hata betri ikiwa nzima. Vyetu vilikuwa safi.

SWALI LA PILI: Inachajiwa? Tukasukuma, injini ikawaka, akapima tena. Altaneta ikiwa nzima, mita hupanda mpaka kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, pengine mkanda umelegea au altaneta imekufa. Mara nyingi taa nyekundu ya betri itakuonya. Lakini usichomoe waya wa betri injini ikinguruma ili kujaribu altaneta, utaunguza vifaa! Yetu ilisoma 14.2. Nzima.

SWALI LA TATU: Nani anakula usiku? Jioni tukazima kila kitu. Akachomoa waya wa hasi, akaiweka mita katikati, ipime ampea. Akatukataza kugusa ufunguo, maana stata ingeiunguza mita. Gari lililolala kwa kawaida hula chini ya ampea 0.05. Letu lilikula ampea 4! Kwa saa 9 za usiku hiyo ni 36, na betri yetu ilikuwa ya 50. Akachomoa fyuzi moja moja. Mita haikushuka. Akasema, "Basi kuna waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri."

Moyo wangu ukapiga paa! Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na amplifaya ya muziki. Mimi ndiye niliyeifunga, kwa siri, bila kupitia swichi. Redio nilizima kweli, lakini amplifaya ilikesha. Mwizi niliyekuwa namtafuta nilimwingiza mwenyewe! Nilimwambia tajiri ukweli huku natetemeka. Waya ukapitishwa kwenye swichi na fyuzi, na alfajiri gari likawaka kwa ufunguo.

Sasa SIKIA, kijana! Nawe umebadilisha betri mara ngapi? Umehama mji, umebadili marafiki, umeapa mwaka mpya utaacha pombe. Siku ya tatu unasukumwa tena. Tatizo si betri. Jiulize: nina nini ndani? Nani ananichaji? Na ni waya gani wa siri nimeufunga mwenyewe, unaonila watu wakilala?

Wale wanawali watano wa Mathayo 25 walikuwa na taa kama wenzao. Walipungukiwa mafuta, na Bwana arusi alifika usiku wa manane. Taa nzuri haikuwasaidia kitu!

Rafiki, leo usiku usiseme redio nimezima. Mwonyeshe Yesu ule waya. Mwambie: "Bwana, ni mimi niliyeufunga. Nisamehe. Ukate, unijaze upya." Yeye hatakufukuza. Kisha mtafute mtu wa Mungu aliye karibu nawe, mkaombe pamoja.

Usingoje alfajiri. AMINA!