Imehifadhiwa, Lakini Wapi?

Mei 2024, wiki ile kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa, mama mmoja aliingia kwenye saiba ninakofanya kazi hapa Machakos mjini. Alikuwa na daftari la chama lililolowa mvua. Yeye ndiye mweka hazina. Alinisomea ukurasa baada ya ukurasa, saa mbili nzima, mara nyingine akiinua karatasi kwenye mwanga aone kama ile ni tatu au nane. Mwishowe nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kidirisha kikajifunga, nikamwambia, "Mama, iko sawa. Imesevu."

"Asante, mwanangu." Akalipa, akaenda.

Kesho yake alirudi kuprinti. Jina la faili lilikuwepo. Ndani hamna kitu.

Kompyuta zetu hujifuta kila zikizimwa, ili mteja asiache siri zake kwa mwingine. Kazi za kuhifadhiwa zinaenda kwa seva ya mbali. Kidirisha kilikuwa kimeanza tu kutuma ile faili, kisha kikajifunga kana kwamba imeshafika. Tulianza upya, lakini kurasa mbili zilikuwa zimegandana usiku, zikachanika. Jumapili mama huyu angesimama mbele ya wenzake kueleza pesa ambazo hana tena ushahidi nazo.

Swali linalonisumbua ni hili: nilimdanganya?

Sikukusudia. Lakini nilisema kwa uhakika jambo ambalo sikuwa nimelihakikisha, na yeye aliamini kwa sababu mimi ndiye najua mashine. Nami niliamini kidirisha kwa sababu aliyekitengeneza ndiye anajua zaidi. Kila mtu kwenye mnyororo huo alikuwa na nia njema. Aliyelipia ni yule wa mwisho, asiye na mtu wa kumuuliza.

Watengenezaji wa programu wamejua hatari hii kitambo. Mwaka 1994, Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems walionya kwamba kitu kilicho mbali hakifai kushughulikiwa kana kwamba kiko hapa. Cha karibu kikiharibika, kwa kawaida unajua. Cha mbali kinaweza kuharibika nusu: ujumbe umepotea njiani, au umefika na jibu ndilo lililopotea? Ukiwa huku, huwezi kutofautisha.

Watu wa matatu wanaelewa haya bila kusoma popote. Ukituma mzigo Nairobi kutoka stendi ya Machakos, karani anakuambia, "Tumepokea." Hasemi umefika. Ukitaka kujua kama umefika, unampigia simu anayeungoja. Maneno mawili tofauti, ahadi mbili tofauti. Kidirisha changu kilikuwa na neno moja tu kwa zote mbili.

Bosi wangu ana hoja yake: mteja hataki mahubiri, anataka kubonyeza na kwenda zake. Ukimjazia maonyo atabonyeza "sawa" bila kusoma. Ni kweli. Lakini kurahisisha si kuficha. Ukituma pesa kwa M-Pesa, Hakikisha inakuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Ni jina tu, na limewaokoa wengi. Kidirisha cha faili za mbali kingeweza kusema mambo matatu kwa ufupi hivyohivyo: inaenda wapi, nani anaweza kuiona, na imefika au bado iko njiani. Ukificha umbali unampunguzia mtu wasiwasi, sawa, lakini pia unamnyang'anya nafasi ya kusubiri, kuprinti kwanza, au kuomba nakala kwenye flashi.

Kuhifadhi ni neno zito. Ukikubali kumhifadhia mtu kitu, umepokea amana. Nadhani anayeandika neno hilo kwenye kitufe anaibeba amana hiyo pamoja nami, hata kama hatawahi kufika Machakos.

Siku hizi nasema, "Mama, nimeandika, lakini bado haijafika. Tungoje kidogo." Kisha naifungua faili kwa kompyuta nyingine, mbele yake. Foleni inanuna. Yule mama wa chama bado huja. Haulizi tena kama nimesevu. Anauliza, "Imefika?"