Kabla Hamjapanda Ngazi

Mwanangu, najua una haraka. Keti kidogo, chai ingalipo.

Nasikia wewe na wenzako mnataka kumtoa kijana wa orofa ya nne. Eti ni shoga, na sheria iko upande wenu. Hebu tuiangalie hiyo sheria.

Kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kipo, tulikirithi kwa Mwingereza, na kwa watu wazima waliokubaliana kifungo chake hufika miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta. Hapo sikufichi. Lakini kinakataza tendo la ngono, tena la kuthibitishwa kortini. Hakikuwatuma vijana wa mtaa wetu wa Huruma kuvunja kufuli ya mtu usiku. Katiba ya 2010 inalinda utu wa kila mtu na faragha ya chumba chake, hata kiwe cha mabati.

Tulipokuwa tukiishi upande wa Kiamaiko, jirani yetu alitolewa vyombo nje, mvua inanyesha. Msichana mpole, ndiye aliyekuwa akikubeba nikienda sokoni. Watu walisema anapenda wasichana wenzake, basi. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Kodi alikuwa amelipa, hiyo hawakumrudishia. Nilisimama mlangoni nikamtazama akikunja shuka zilizolowa, moja moja, kana kwamba kuna kabati linazingoja. Nikajiambia hayanihusu.

Nyinyi mnataka mambo yaishe leo, lakini sheria haiendi mbio hivyo. Mtu anayeitwa Eric Gitari alienda kortini 2013 kudai lisajiliwe shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Akashinda 2015. Bodi ya serikali ikakata rufaa. Akashinda tena 2019. Mahakama ya Juu ilikata neno upande wake tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu kwa wawili. Miaka kumi, na kifungu cha 162 hakikuguswa!

Kanisani kwetu wengi waliudhika na uamuzi huo. Mimi pia nina maswali yangu, sijayamaliza. Sikulazimishi ukubali kila kitu, mwanangu. Lakini huyo kijana hajakukosea, na ndiye hukuchajia simu stima ikipotea.

Wakija kukuita jioni, waambie mama amekutuma. Kweli nimekutuma: shuka kwa msimamizi wa jumba, umwambie geti lifungwe mapema leo. Kisha panda orofa ya nne umjulishe mwenyewe, asiyasikie kwa kelele za ngazini.